AFYA NYUMBANI: Chuma Kinachoiegemeza Shingo

Mkulima wa Busoga auonapo mgomba umeinama kwa uzito wa mkungu, haukati, wala hauachi uanguke. Hutafuta mti wenye panda, akauchomeka ardhini na kuuegemeza mgomba mpaka ndizi zikomae. Ule mti hauivishi ndizi wala haulishi mizizi. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuuzuia mgomba usivunjike wakati wenyewe ukiendelea na kazi yake. Mfano huo unalifafanua vyema jambo lizungumzwalo katika ukurasa huu wiki hii, yaani mabamba, skrubu na vizimba ambavyo madaktari wapasuaji huviweka shingoni mwa mtu ambaye pingili zake zimevunjika, zimeteguka au zimechakaa.

Jambo hili linazihusu kwa karibu jamaa za askari na polisi waishio Jinja na Mbale. Mafubira, ambayo tangu Julai 2020 imo ndani ya Jiji la Jinja, ni mahali penye pilikapilika nyingi. Bodaboda hupeleka watu mjini tangu alfajiri, malori ya miwa huelekea kiwanda cha Kakira, na katika barabara kuu hupita magari makubwa ya mizigo yatokayo mpakani mwa Kenya kwenda Kampala. Ipo pia miembe na mifenesi ambayo watu huipanda wakati wa mavuno, na haupo mbali Mto Nile ambamo vijana hujitosa kichwa mbele pasipo kukijua kina cha maji. Ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu ndizo sababu kubwa za kuvunjika kwa shingo katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Wanaoumia zaidi ni wanaume wangali vijana, yaani watu ambao jamaa nzima huwategemea kwa chakula na karo.

SHINGO ILIVYOUMBWA

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7. Pingili ya kwanza ni mfano wa pete, nayo ndiyo iliyobeba fuvu la kichwa. Ya pili ina jino lililosimama ndani ya pete hiyo, na kwa jino hilo kichwa hugeuka kushoto na kulia. Karibu nusu ya mzunguko wote wa kichwa hutokea baina ya pingili hizi mbili. Kuanzia ya pili kwenda chini, kila pingili imetengwa na mwenzake kwa kisahani cha gegedu, ambacho ni laini katikati na kigumu pembeni. Kisahani hicho hupokea vishindo vya mwendo na mizigo.

Katikati ya pingili hizo umepita mfereji, na ndani ya mfereji imo kamba ya fahamu ambayo wataalamu huiita ugwe mgongo. Unene wake haufikii unene wa kidole gumba cha mtu mzima, lakini amri zote ziendazo mikononi na miguuni, na habari zote zirudizo kwenye ubongo, hupita humo. Mishipa itokayo katika usawa wa pingili ya 3, ya 4 na ya 5 ndiyo iendeshayo kiwambo cha kupumulia. Ile iliyo chini yake huyainua mabega, huukunja mkono, huunyoosha na kuvifumba vidole. Kwa hiyo, madhali jeraha liko juu zaidi, hasara nayo huwa kubwa zaidi. Aliyeumia sehemu ya juu kabisa huweza kukata pumzi palepale alipoanguka. Aliyeumia chini ya shingo huweza kupumua na kuinua mabega, lakini vidole vikawa vizito na miguu ikafa ganzi.

Yafaa ifahamike kwamba mfupa na ugwe ni vitu viwili. Mtu anaweza kuvunjika pingili na ugwe ukasalimika. Mtu wa namna hii husimama, husema, hata huomba maji, na waliomzunguka hudhani amepona. Kumbe pingili iliyolegea inasubiri kutikiswa tu ili iteleze na kuubana ugwe. Hapo ndipo ulipo msiba mkubwa wa majeraha ya shingo: wapo watu wanaopoozwa na namna walivyobebwa baada ya ajali, si na ajali yenyewe.

SHINGO ICHAKAAYO POLEPOLE

Si kila shingo ihitajiyo chuma imevunjika. Nyingine huchakaa kwa miaka mingi. Visahani hukauka, pingili husuguana, na vijimfupa huota pembeni na kuupunguza ule mfereji. Nchini Ghana, watafiti walichapisha mwaka 1994 uchunguzi uliolinganisha wachukuzi wa mizigo kichwani na watu wasiobeba, wakaona uchakavu zaidi kwa wachukuzi. Habari hii ina maana kwa mama abebaye madumu ya maji na mizigo ya kuni kila siku, na kwa kijana afanyaye kazi ya kupakia miwa.

Dalili za uchakavu ulioanza kuugusa ugwe huingia kimyakimya. Vidole huwa vizito. Askari ambaye kwa miaka mingi amefunga vifungo vya sare yake gizani huona sasa vinamshinda mchana. Mwandiko huharibika, ufunguo huanguka, na miguu hukakamaa na kujikwaa mahali palipo tambarare. Wengi hudhani ni uzee au ni malaria ya muda mrefu. Mtu mwenye dalili hizi asiende kukandwa shingo wala kuzungushwa kichwa ili “kilie.” Aende kwa daktari, kwa maana ugwe uliobanwa kwa miezi mingi haurejei kwa urahisi hata ukija kufunguliwa.

DAKIKA ZA KWANZA

Baada ya ajali ya bodaboda, desturi iliyoenea ni kumnyanyua majeruhi kwa makwapa na miguu na kumketisha kwenye pikipiki nyingine, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, kisha kukimbia naye hospitalini. Nia ni njema, lakini kichwa chenye uzito wa kilo 4 au 5 huwa kinaning'inia juu ya shingo iliyovunjika kwa kila shimo la njiani.

Njia iliyo salama haihitaji chombo cha thamani. Kwanza, itazamwe pumzi. Ikiwa koo limezibwa na damu au matapishi, lisafishwe, na taya lisukumwe mbele pasipo kukiinamisha kichwa nyuma, kwa kuwa mtu asiyepumua hufa kabla shingo haijawa na maana. Pili, mtu mmoja apige magoti upande wa kichwa na kukishika kwa mikono miwili katika mstari wa kiwiliwili, asikivute wala kukizungusha. Tatu, wenzake watatu wakae upande mmoja, wamshike begani, kiunoni na magotini, na kwa amri ya yule aliyeshika kichwa wamgeuze wote kwa pamoja kama gogo, ubao au mlango uliong'olewa usukumwe chini yake, kisha wamrudishe chali. Nne, nguo zilizokunjwa au vifuko vya mchanga viwekwe pande mbili za kichwa na kufungwa ili kisitikisike. Askari wanaijua machela tangu siku za mafunzo. Lililo muhimu zaidi ya machela ni kwamba awepo kiongozi mmoja, naye awe yule ashikaye kichwa.

Kofia ya pikipiki isivuliwe kwa haraka. Majeruhi akipumua vizuri, iachwe mpaka wapatikane watu wawili wenye ujuzi, mmoja wa kuishika shingo na mwingine wa kuivua. Asipewe chakula wala kinywaji, huenda akahitaji kupasuliwa. Afikapo hospitalini asiachwe juu ya ubao mgumu kwa saa nyingi, kwani asiyesikia maumivu huchubuka ngozi bila kujua. Na anayempeleka akumbuke kueleza saa ya ajali na kama majeruhi aliweza kuchezesha mikono na miguu mwanzoni. Habari hiyo humwongoza daktari kuliko maneno mengine mengi.

KUTOKA UZI WA FEDHA HADI TITANI

Elimu ya kuifunga shingo kwa chuma haina umri mkubwa. Wamisri wa kale waliyajua majeraha haya. Hati ya mafunjo iliyoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, ambayo Mmarekani Edwin Smith aliinunua Misri mwaka 1862, inaeleza habari za mtu aliyeteguka pingili ya shingo, asiyeisikia mikono wala miguu yake, na ambaye mkojo humtoka pasipo hiari. Hukumu ya tabibu yule ilikuwa fupi: maradhi yasiyotibiwa. Hukumu hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka elfu tatu.

Mwaka 1891 daktari Berthold Hadra, aliyefanya kazi katika jimbo la Texas, Marekani, alizifunga kwa uzi wa chuma pingili za shingo zilizoteguka. Mwaka 1933 W. Gayle Crutchfield alitengeneza koleo za kushika fuvu ili kichwa kivutwe kwa uzito na pingili zirudi mahali pake. Mwaka 1959 Jacquelin Perry na Vernon Nickel wa California walieleza habari za pete ya chuma inayozunguka kichwa na kushikwa na fito zilizofungwa kwenye koti gumu la kifuani. Koleo na pete hizo zingali zikitumika mpaka leo pale zinapofaa.

Njia ya kuipasua shingo kwa mbele ilianzishwa katika miaka ya 1950. George Smith na Robert Robinson wa Marekani waliitangaza mwaka 1955, wakiondoa kisahani kibovu na kuweka mahali pake kipande cha mfupa uliokatwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1958 Ralph Cloward wa Honolulu alitoa njia yake iliyo karibu na hiyo. Askari watapenda kujua kwamba Cloward huyo ndiye aliyewapasua majeruhi wa kichwa kwa siku kadhaa mfululizo baada ya bandari ya Pearl Harbor kushambuliwa tarehe 7 Desemba 1941.

Kipande cha mfupa peke yake kiliweza kuteleza kabla hakijashika. Ndipo likaja bamba. Jörg Böhler wa Vienna alilitumia katika miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 Wolfhard Caspar wa Ujerumani alilifanya liwe jambo la kawaida. Roy-Camille wa Paris naye alionyesha njia ya kuingiza skrubu kwa nyuma, pembeni mwa pingili. Kizimba, yaani kisanduku kidogo chenye matundu kinachojazwa mfupa, kina asili ya ajabu. George Bagby wa Marekani alikibuni kwa ajili ya farasi wapepesukao kwa sababu ya mfereji wa shingo uliobana. Farasi mashuhuri wa mashindano, Seattle Slew, alipasuliwa kwa njia hiyo mwaka 2000 akasimama tena. Kilichowafaa farasi kiliendelezwa kikawafaa na wanadamu.

Vyuma vya siku hizi aghalabu ni vya titani. Madini haya ni mepesi, hayashiki kutu mwilini, na mfupa hukubali kuota hadi kuyagusa, jambo lililogunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden katika miaka ya 1950. Tena hayavutwi na sumaku, hivi kwamba mgonjwa mwenye bamba la titani kwa kawaida anaweza kupigwa picha ya MRI, mradi awaarifu wahudumu mapema. Vizimba vingine hutengenezwa kwa plastiki ngumu sana ambayo haizibi picha ya eksirei, na daktari huweza kuuona mfupa ukikua ndani yake.

KAZI IFANYWAVYO

Kabla ya kupasua, daktari huhitaji picha. Eksirei huonyesha mpangilio wa pingili, skani ya CT huonyesha nyufa za mfupa, na MRI huonyesha kisahani na ugwe wenyewe. Kwa njia ya mbele, mgonjwa hulazwa chali akiwa usingizini. Ngozi hukatwa kidogo upande mmoja wa koo, aghalabu katika mkunjo ili kovu lisionekane sana. Misuli haikatwi kwa wingi. Husogezwa, koromeo na umio upande huu, mshipa mkubwa wa damu upande ule. Kisahani kilichopasuka au mfupa uliovunjika huondolewa polepole mpaka ugwe uwe huru. Nafasi iliyobaki hujazwa kipande cha mfupa au kizimba, na mbele yake huwekwa bamba dogo lenye skrubu, kwa kawaida 2 juu na 2 chini ikiwa pingili zinazounganishwa ni mbili. Eksirei hupigwa palepale mezani kuhakikisha kila skrubu imekaa mahali pake. Kwa njia ya nyuma, skrubu huingizwa pembeni mwa pingili kadhaa na kuunganishwa kwa fito mbili.

Tangu hapo yanaanza mashindano baina ya mfupa na chuma. Mfupa unahitaji miezi 3 hadi mwaka kuziunganisha pingili ziwe kitu kimoja. Chuma nacho, kikipindwa na kunyooshwa kila siku pasipo msaada wa mfupa, mwishowe huchoka, skrubu hulegea au bamba hukatika. Mfupa ukitangulia, mgonjwa ameshinda, na chuma hubaki ndani kikiwa hakina tena kazi kubwa. Kwa sababu hiyo madaktari hukataza kabisa sigara, kwa maana tumbaku huuchelewesha mfupa kuota. Askari avutaye sigara kitandani baada ya kupasuliwa anakisaidia chuma kushindwa.

Madhara nayo yapo, na mgonjwa ana haki ya kuyajua kabla hajatia sahihi. Sauti huweza kukwaruza na kumeza kukawa kugumu kwa siku au majuma kadhaa. Jeraha huweza kuingia vijidudu. Mara chache mshipa wa damu, umio au ugwe wenyewe huumizwa. Na pingili zilizo jirani na zile zilizounganishwa hubeba mzigo zaidi, hivyo baada ya miaka huweza kuchakaa. Kuunganisha pingili mbili za chini hakumnyimi mtu mwendo mwingi wa shingo; kuunganisha ya kwanza na ya pili humpunguzia karibu nusu ya uwezo wa kugeuza kichwa.

CHUMA HAKIPONYI UGWE

Hapa ndipo jamaa nyingi hukosea na kuvunjika moyo. Husikia kwamba mgonjwa “atawekewa chuma,” wakatarajia aamke akitembea. Bamba halina uwezo huo. Huushika mfupa usizidi kuudhuru ugwe, na huupa ugwe nafasi ya kupona kwa kadiri utakavyoweza wenyewe. Ikiwa ugwe ulikuwa mzima, faida ni kubwa mno, kwa kuwa mtu huyo amekingwa na kupooza. Ikiwa ulijeruhiwa nusu, tumaini lipo. Ikiwa umekatika kabisa, miguu haitarudi kwa ajili ya titani.

Hata katika hali hii ya mwisho chuma kina kazi. Mgonjwa asiyewekewa huweza kulazimika kulala na uzito ukimvuta kichwa kwa majuma 6 au zaidi, na humo ndimo vidonda vya mgongoni, vichomi na damu kuganda miguuni humwinda. Aliyewekewa huweza kuketishwa baada ya siku chache, akala ameketi, akakohoa vizuri na kuanza mazoezi. Tofauti ya kulala na kuketi, kwa mtu aliyepooza, mara nyingi ndiyo tofauti ya kufa na kuishi.

Wakati nao una thamani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 katika Amerika ya Kaskazini, uliowahusu wagonjwa 313 wenye ugwe uliojeruhiwa shingoni, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, wale waliopasuliwa kabla ya saa 24 kupita, 19.8 kwa mia walipata nafuu kubwa ya ngazi mbili au zaidi. Kwa waliocheleweshwa, walikuwa 8.8 kwa mia.

SAFARI NA GHARAMA

Kutoka Mafubira majeruhi hufikishwa kwanza katika Hospitali ya Rufaa ya Jinja, na wa upande wa Mlima Elgon katika Hospitali ya Rufaa ya Mbale. Mbale ina pia hospitali ya watoto ya CURE, iliyosifika duniani kwa kutibu watoto wenye maji kichwani na kasoro za uti wa mgongo, lakini hiyo ni ya watoto. Mtu mzima aliyevunjika shingo aghalabu hupelekwa Mulago, Kampala, umbali wa kilomita zipatazo 80 kutoka Jinja, kupitia daraja jipya la Nile lililofunguliwa Oktoba 2018 na msitu wa Mabira. Mulago ndiko upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu ulikoanzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya daktari Ian Bailey, kisha ukashikwa na Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kuhitimu kazi hiyo. Mwaka 2007 ulianza ushirikiano wa Mulago na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, ulioleta vyombo na mafunzo. Katika Tanzania, kazi hii hufanywa na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996.

Kizuizi kikubwa mara nyingi si mikono ya daktari bali bei ya vyuma. Kitanda huweza kuwapo, mpasuaji akawapo, lakini bamba na skrubu zikangoja jamaa wachange. Hapo ndipo mashauri magumu hufanyika chini ya mwembe: kuuza ng'ombe, au kiwanja, au kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa mkandaji wa mifupa. Hakuna awezaye kuiamulia jamaa nyingine. Lakini yafaa watu waamue wakiwa wamekwisha uliza maswali ya lazima. Mke wa askari aliyeitwa chumba cha daktari anaweza kuuliza hivi:

“Daktari, ugwe wa mume wangu umekatika au umebanwa tu?”

“Mama, umebanwa. Vidole vya mguu wa kulia bado anavichezesha.”

“Tukikosa fedha za chuma wiki hii, itakuwaje?”

“Tutamvuta kwa uzito na kumgeuza kwa uangalifu. Lakini atalala muda mrefu, na hatari ya kubanwa zaidi inabaki.”

“Na hicho chuma, kitatolewa lini?”

“Hakitolewi, mama, isipokuwa kikilegea au kikiingia vijidudu. Atazeeka nacho.”

Majibu matatu ya namna hii huwasaidia wazee wa ukoo kupima mambo. Askari na polisi, kabla ya kuuza chochote, wapeleke taarifa kwa mkuu wa kikosi na kwa daktari wa kambi, ili ijulikane kama ajali ilitokea kazini na ni msaada gani wa matibabu utakaopatikana. Karatasi ya taarifa ya ajali isipotee.

MGONJWA ARUDIPO NYUMBANI

Kola ya shingo ivaliwe kwa muda aliousema daktari, usiku na mchana ikiwa ndivyo alivyoagiza. Jeraha likitoa usaha, homa ikipanda, kumeza kukizidi kuwa kugumu badala ya kupungua, au mkono ukianza ganzi mpya, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Asibebe ndoo, asipande bodaboda, wala asikandwe shingo. Kutembea polepole ni ruhusa na ni dawa.

Ikiwa amepooza, kazi kubwa zaidi imo mikononi mwa jamaa. Ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Ngozi ya matako, visigino na mgongo itazamwe kila siku penye mwanga. Mpira wa mkojo utunzwe kwa mikono iliyonawa sabuni, na viungo vikunjwe na kunyooshwa ili visikakamae. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari wengi waliopooza walikufa kwa vidonda na maradhi ya figo baada ya majeraha yenyewe kukauka. Mabadiliko makubwa yaliletwa Stoke Mandeville, Uingereza, tangu mwaka 1944, ambako Ludwig Guttmann alisisitiza kugeuzwa, usafi wa kibofu, mazoezi na kazi. Michezo ya walemavu aliyoianzisha hapo mwaka 1948 ndiyo mzazi wa Paralimpiki. Mengi ya mambo hayo yanaweza kufanywa katika nyumba ya kambini kwa shuka safi, mito ya majani makavu na zamu ya watu wa nyumbani.

Askari ambaye ugwe wake ulisalimika na ambaye pingili zake zimeungana huweza kurudi kazini, lakini kazi ipi, hilo huamuliwa na picha na daktari, si na ushujaa. Kuruka, kubeba mzigo mzito na mapigano ya mikono huweza kukatazwa daima, ilhali redio, ghala, ofisi na mafunzo hubaki wazi. Mkuu wa kikosi ampaye kazi ya namna hii hampi sadaka. Analihifadhi jeshi lisipoteze ujuzi wa miaka mingi. Naye mke asione haya kumwambia mumewe kwamba mwanamume aketiye mezani akiandika orodha ya ghala bado ni askari, na bado ni baba wa watoto wake.

Chuma cha shingoni ni msaada mkubwa, nacho hupatikana kwa shida. Kisichohitaji fedha ni kofia ya pikipiki iliyofungwa kidevuni, mtoto aliyekatazwa kupanda mfenesi wakati wa mvua, na kijana apimaye kina cha maji kabla ya kujitosa. Tena kila kambi, kituo cha polisi na mtaa wa Mafubira unaweza kuchagua jioni moja kuwafundisha watu wanne wanne namna ya kumgeuza majeruhi kama gogo, mmoja ashike kichwa na watatu waisikilize sauti yake.